RSI ikigonga 80, uliza kwanza nani aliyeipandisha

Kuna ujumbe unaozunguka sana siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp ya wawekezaji wadogo hapa Mbeya. Unakuja na picha ya grafu iliyopigwa kwenye kioo cha simu, mstari wa zambarau wa RSI, kiashiria kinachopima kasi ya bei, umevuka alama ya 70, na chini yake maneno machache: "RSI 82. Imenunuliwa kupita kiasi. Mgeuko unakuja, tokeni mapema." Haipiti muda vinafuata vidole gumba, kisha maswali ya namna ya kuweka oda ya kuuza. Wanaouliza ni watu wa kila aina: mwalimu wa Uyole, mama mwenye duka la vitenge Mwanjelwa, kijana aliyemaliza chuo juzi na ana hisa mia mbili alizonunuliwa na mjomba wake. Hakuna anayeuliza kampuni yenyewe imefanya nini. Namba imeshasema.

Naona tunakosea, na kosa lenyewe ni mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kiashiria kinachopima kasi ya bei kinatangaza mgeuko wa bei. La pili, ambalo kwetu ndilo zito, ni kuchukua chombo kilichobuniwa kwa masoko ambako watu hununua na kuuza kutwa nzima, tukakifunga kwenye hisa ambazo siku nyingine haiuzwi hata moja. Kwenye hisa za namna hiyo RSI ya 82 inakueleza zaidi habari za ukimya kuliko habari za kasi. Mtu akiuza kwa sababu ya ukimya, hajakwepa mgeuko wowote.

Tulifikaje hapa? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, na hisa za kwanza zilikuwa za TOL, kampuni ya gesi. Kwa miaka mingi mtu wa Nyanda za Juu Kusini alilisikia soko hilo kwenye taarifa ya habari tu. Wengi walioingia waliingia kwa mlango wa matawi ya benki: NMB walipouza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Watu walijaza fomu, wakapokea hati, wakaiweka kwenye sanduku la nguo pamoja na hati ya kiwanja, na maisha yakaendelea. Hao hawakuwahi kuona grafu. Sasa mambo yamegeuka. Programu ya Hisa Kiganjani imemfikisha dalali hadi kitandani kwako, hisa za benki zimepanda kiasi cha kuwaamsha hata waliokuwa wamesahau kwamba wanazo, na limeingia kundi jipya la vijana waliojifunzia biashara kwenye foreksi. Vijana hawa wamekuja na sanduku lao la vifaa, na juu kabisa ya sanduku kuna RSI, MACD na Stokastiki. Siwalaumu. Fundi huanza kazi kwa nyundo aliyonayo.

RSI ilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo kwa taaluma, aliyeichapisha mwaka 1978. Hesabu yake haina uchawi. Unachukua mabadiliko ya bei ya siku 14, unatafuta wastani wa mapando na wastani wa mashuko, unagawanya cha kwanza kwa cha pili, kisha unabana jibu likae kati ya 0 na 100. Ikivuka 70, wanasema hisa imenunuliwa kupita kiasi. Ikienda chini ya 30, imeuzwa kupita kiasi. MACD ya Gerald Appel inalinganisha wastani wa bei wa muda mfupi na wa muda mrefu, kwa kawaida siku 12 na 26. Stokastiki, iliyoenezwa na George Lane tangu miaka ya 1950, inaangalia bei ya kufunga imekaa wapi kati ya kilele na shimo la siku za karibuni. Vyote vimesimama juu ya wazo moja: kabla kitu hakijageuza, kwanza hupunguza mwendo.

Wazo hilo ni sahihi nusu. Aliyewahi kupanda Kitonga ndani ya basi anaijua nusu nyingine. Lori lenye shehena ya Tunduma likianza kuupanda mlima ule kutoka Ruaha Mbuyuni, linapunguza mwendo mara nyingi kabla ya kufika Ilula. Linapunguza likibadilisha gia, linapunguza kwenye kona kumpisha anayeshuka, linapunguza nyuma ya lori jingine lililochoka zaidi. Ni kweli kwamba lori likitaka kugeuza lazima kwanza lipunguze mwendo, lakini ukisimama barabarani ukasema kila lori linalopunguza mwendo linarudi Mikumi, utakosea asubuhi hadi jioni. RSI inasoma mwendo. Haioni kona na haijui shehena, wala haina habari kwamba dereva anakwenda Zambia. Ndiyo maana hisa iliyo kwenye mwelekeo mkali wa kupanda inaweza kukaa juu ya 70 kwa wiki kadhaa huku bei ikizidi kupaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza hisa za benki moja RSI ilipofika 79, nikajiona mjanja, kisha nikakaa pembeni nikiitazama ikipanda miezi mitano mfululizo. Nilizirudia kwa bei niliyoona aibu kumwambia mke wangu.

Hayo ni ya masoko yote, Marekani hadi huku. La kwetu peke yetu linataka kalamu na daftari. Tuseme kuna hisa ndogo kwenye orodha ya soko, bei yake shilingi 400. Katika mabadiliko 14 ya mwisho, siku 12 bei haikusogea kabisa, ama kwa sababu hakuna aliyenunua ama aliyenunua alinunua kwa bei ileile. Siku mbili zilizobaki mtu mmoja mwenye haraka alikubali kuongeza shilingi tano, mara ya kwanza ikawa 405, mara ya pili 410. Piga hesabu ya RSI. Jumla ya mapando ni shilingi 10. Jumla ya mashuko ni sifuri. Kwa kuwa hakuna mashuko ya kugawanya nayo, kiashiria kinasoma 100, kiwango cha mwisho kabisa. Kwenye simu mstari wa zambarau umegonga dari, na kwenye kundi mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba soko limepagawa. Soko gani? Ni mtu mmoja na shilingi kumi.

Endelea kidogo. Kesho yake mzazi anayetafuta ada ya mtoto anauza hisa 40 kwa 405 maana hana muda wa kusubiri mnunuzi. Bei imeshuka shilingi tano. Mapando 10, mashuko 5, uwiano 2, na RSI inaporomoka kutoka 100 hadi karibu 67. Hisa 40 kwa shilingi 405 ni shilingi 16,200, hela isiyotosha hata kujaza tangi la bodaboda mara mbili tatu, lakini kwenye grafu huo ni mporomoko wa kutisha, na mwenye kutafuta dalili za mgeuko ataapa kwamba ameuona. Kinachonikera zaidi ni hiki: kanuni ya Wilder yenyewe hulainisha wastani kwa kuubeba ule wa jana, ukazidishwa kwa 13, ukaongezewa badiliko la leo, kisha ukagawanywa kwa 14. Siku ambayo bei haikusogea, wastani wa mapando na wastani wa mashuko vyote vinapungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo uwiano haubadiliki. Hisa ikikaa mwezi mzima bila kusogea baada ya kugonga 82, RSI yake itaendelea kusoma 82 mwezi mzima, kama saa ya ukutani iliyokufa betri. Mtu anayeifungua grafu leo ataambiwa hisa ina moto, kumbe moto wenyewe ni wa mwezi uliopita.

Na hisa za namna hii haziko mbali na sisi. MUCOBA, benki ya wananchi wa Mufindi yenye makao Mafinga, iko kwenye orodha ya soko. TATEPA, kampuni ambayo historia yake imefungamana na chai ya Rungwe, imeorodheshwa tangu mwisho wa miaka ya 1990. Hizi ndizo hisa ambazo mtu wa huku anazinunua kwa mapenzi ya nyumbani, na ni hisa zenye ukwasi mdogo, yaani zinazouzwa na kununuliwa mara chache, wanahisa wake wakiwa watu wa kununua na kutulia. Kuzipima kwa RSI ya siku 14 ni kama kumpima homa mtu aliyelala kwa kumhesabia hatua anazotembea. CRDB na NMB ni habari nyingine. Hizo huuzwa na kununuliwa karibu kila siku, na hapo kiashiria angalau kina kitu cha kupima.

Sasa niwatendee haki wanaovitetea viashiria, maana wana hoja. Ya kwanza ni kwamba soko ni watu, na watu huenda kwa makundi: hufurahi pamoja, huchoka pamoja. Uchovu una dalili zinazotangulia bei. Nenda Uyole wakati wa viazi utaona. Kuna dalali mmoja pale, mama mtu mzima, anayejua bei itashuka siku mbili kabla haijashuka, naye hajawahi kusikia habari za Wilder. Anahesabu simu. Bei ya gunia ikiwa bado iko juu lakini simu kutoka Dar zimepungua, na wale waliokuwa wakitaka lori zima sasa wanataka nusu, anawaambia wakulima wake wavune haraka. Bei inapanda huku nguvu inapungua: hiyo ndiyo ambayo wenye grafu wanaiita daivajensi, bei kuweka kilele kipya wakati RSI inashindwa kufikia kilele chake cha nyuma. Hoja hii ina uzito. Lakini angalia mama yule anahesabu nini. Anahesabu wanunuzi na ujazo wa mzigo, taarifa ambazo haziko ndani ya bei. RSI haina simu ya kuhesabu. Imetolewa kwenye bei yenyewe na kurudishwa kwetu imevaa koti. Ndiyo maana daivajensi inaweza kutokea mara tatu, nne, kwenye mwelekeo mmoja wa kupanda. Bei iliyoanza kwa kishindo kisha ikaendelea kupanda kwa utaratibu itaitoa daivajensi hata kama hakuna mtu aliyechoka.

Hoja ya pili inatoka kwa wasomi, na wanaoitaja mara nyingi wameishika kwa upande usio wa mpini. Ni kweli utafiti umeonyesha kwamba bei zilizopita zina la kusema. Jegadeesh na Titman, mwaka 1993, walionyesha kwa hisa za Marekani kwamba zile zilizofanya vizuri kwa miezi 3 hadi 12 zilielekea kuendelea kuzishinda zilizofanya vibaya kwa miezi iliyofuata. Soma tena: kuendelea. Kasi kubwa iliashiria kasi zaidi, kinyume kabisa cha "RSI 82, tokeni". Mgeuko nao upo, De Bondt na Thaler waliuonyesha mwaka 1985, ila wao walizungumzia miaka mitatu hadi mitano, si siku 14. Anayeuza wiki hii kwa jina la utafiti huo ameazima saa ya mtu mwingine.

Upande wa pili wapo wanaosema yote haya ni ramli tu, bei imeshabeba kila habari, na anayesoma grafu ni ndugu yake msoma viganja. Nao wamezidisha. Park na Irwin, waliopitia tafiti 95 za kisasa kuhusu biashara ya kutumia grafu katika mapitio yao ya mwaka 2007, walikuta 56 zenye matokeo mazuri, 20 mabaya na 19 mchanganyiko. Ramli haifikishi alama hizo. Lakini waliongeza onyo ambalo vijana wetu hawalinukuu: nyingi ya tafiti hizo zina kasoro, kubwa ikiwa ni kujaribu kanuni nyingi juu ya data ileile mpaka moja ipatikane inayofanya kazi. Ukirusha wavu mara mia ziwani Nyasa, huwezi kutoka mtupu. Swali ni kama ungejua mapema urushe wapi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa kwenye makundi, ni hii: "Hata kama RSI haina maana, watu wote wanaiangalia, kwa hiyo itatimia yenyewe." Kwa nani? Wanaosogeza bei kwenye soko la Dar es Salaam kwa uzito ni mifuko ya hifadhi ya jamii, mifuko ya uwekezaji ya pamoja, taasisi za ndani na za nje. Mfuko unaonunua hisa milioni mbili za benki unaangalia faida, gawio, mizania na mahali pa kuweka michango ya wanachama. Hausubiri mstari wa zambarau ushuke chini ya 30. Sisi wenye hisa mia tano mia tano tukikubaliana wote Mbeya nzima, kutoka Kabwe hadi Mbalizi, kuuza kwa sababu ya RSI, tutakachofanya ni kumpa mfuko huo hisa kwa bei poa. Binamu wa hoja hii ni ile ya uthibitisho: RSI imesema, MACD imesema, Stokastiki nayo imesema, basi ni mashahidi watatu. Hapana. Vyote vitatu vimekokotolewa kutoka kwenye bei ileile moja. Ni mashahidi watatu walioisikia habari kwa mtu mmoja, na mahakama ya mwanzo yoyote ingewarudisha nyumbani.

Tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo mwenye hisa chache anaumia bila kujua. Kwa miamala midogo, ukijumlisha kamisheni ya dalali na tozo nyingine za soko, unakaribia asilimia 2 ukiuza, na asilimia 2 tena ukirudi kununua. Tuseme una hisa 2,000 za bei ya shilingi 600. Ukiuza, kila hisa inakuachia kama shilingi 588. Ukitaka kuzirudisha zote kwa hela hiyohiyo, bei lazima ishuke hadi karibu 576. Yaani mgeuko uliokuwa ukiukimbia ni lazima utokee kweli, tena ufike karibu asilimia 4, na wewe uukamate chini, ndipo urudi pale ulipokuwa. Si kupata faida, kurudi tu. Na kama katikati ya kukaa pembeni daftari la wanahisa limefungwa kwa ajili ya gawio, umelikosa. Gawio la shilingi 50 kwa hisa 2,000 ni shilingi 100,000, ukikata kodi ya zuio ya asilimia 5 unabaki na 95,000. Kwa mwenye duka la Mwanjelwa hiyo ni kodi ya fremu.

Gawio lenyewe lina mtego wake kwenye grafu. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo, jambo la kawaida kabisa kwa kuwa mnunuzi mpya hapewi kile kilichokwisha gawiwa. RSI haijui hayo. Inaona bei imeanguka na inaandika udhaifu. MACD nayo inakata kwenda chini. Kuna watu huuza hapo kila mwaka, majuma machache kabla hela haijaingia kwenye akaunti yao, wakidhani wamekimbia janga.

Sisemi viashiria vitupwe. Ningependa vishushwe cheo, viache kuwa hakimu viwe karani wa kukumbusha. RSI ikipita 80 kwenye hisa yenye ukwasi, ni sababu nzuri ya kutonunua leo kwa pupa. Hiyo peke yake ingewaokoa wengi walioingia kileleni kwa sababu jirani amenunua. Kwa hisa zinazouzwa mara chache, achana na grafu ya siku, tumia ya wiki, walau kila alama iwe imebeba miamala kadhaa. Na kabla ya yote fungua ujazo. Siku ambazo mstari ulipanda, miamala ilikuwa mingapi, hisa ngapi, na ni mnunuzi mmoja anayejirudia au wengi? Madalali wanaokuja huku na semina zao za Jumamosi wangetusaidia sana kama wangeweka idadi ya miamala ubavuni mwa kila grafu wanayoonyesha, kwa wino mkubwa kuliko ule wa RSI. Najua hawatafanya, maana wao hula kamisheni mtu akiuza na mtu akinunua, lakini ombi halilipiwi.

Juzi kijana mmoja kwenye kundi letu ameweka tena picha. Hisa ndogo, RSI 91, mishale miwili myekundu. Nikamwandikia: "Mdogo wangu, hebu niangalizie, hiyo 91 imetengenezwa na miamala mingapi?" Akakaa kimya karibu saa nzima, nikadhani amekasirika. Akarudi: "Mzee, ni minne. Mmoja ni wa hisa kumi na mbili." Baada ya dakika moja akaongeza: "Na nadhani huo wa kumi na mbili ni wangu."